Kubana Shingo

Umeme umepotea tena Lunga Lunga
na mimi nina maganda arobaini mezani,
yamesafishwa, yamenyooshwa, yamepangwa
kama vikombe vya harusi ambayo bado haijapata bwana.
Nimevaa tochi kichwani.
Wekhomba kaegemea mlango, anatafuna njugu,
anauliza swali lake la kila Jumanne:
"Utabana, au hutabana?"

Yeye habani.
Anasema shaba ina kinyongo,
ukiibinya ovyo itakulipiza shabahani,
risasi itoke imenuna,
iende kushoto vidole viwili.
Kwake shingo iliyopimwa vizuri inatosha:
imkumbatie risasi kama soksi mpya,
ya nini tena mkanda?

Soksi!
Mimi nimewahi kupanda ngazi za Muthurwa na gunia mgongoni,
soksi mpya, bado zina karatasi ya bei,
na juu nilifika zikiwa kisiginoni.

Maana hii si ile bunduki ya kuvuta bolti kwa adabu,
umkaribishe mgeni mmoja mmoja, karibu, keti.
Hii hujilisha yenyewe.
Inatema ganda, inarudi na njaa,
inamkwapua anayefuata kutoka kwenye magazini
na kumsukumiza chumbani kichwa mbele
kabla moshi wa aliyetangulia haujaaga.
Kichwa kikigonga ukingo,
kikarudi nyuma ndani ya ganda lake,
baruti inakosa pale ilipokuwa inapumulia.
Na baruti haina subira ya kubanana.
Atakayejibu ni shavu lako, lililolalia kitako.

Sajini mstaafu Ngundo, aliyeniachia mashine hii
pamoja na deni la kodi la miezi miwili,
alibana kila kitu:
risasi, nati, mkebe wa sukari,
vidole vya mtu akimsalimu.
Katika daftari lake, kwa penseli: *Bana.*
Wiki iliyofuata: *Bana zaidi.*
Kisha ukurasa wenye doa la chai:
*Nimebana mno. Shingo zimefutuka kama za vyura.
Kumi na saba zimekataa kuingia.
Mashindano ni kesho. Mungu nisaidie.*
Hakuandika kama alisaidiwa.

Basi leo sikubishana.
Nilitengeneza tano bubu, bila baruti, bila fataki,
bila kubana,
nikazipima kwa venia, nikaandika.
Nikaiacha bolti izipige, kishindo baada ya kishindo,
hadi fundi wa betri wa jirani akachungulia
akauliza tunamvunja nani.
Nikapima tena.
Nne hazikusogea.
Ya tano ilikuwa imezama, unywele tu.

"Nne kwa moja," Wekhomba akacheka. "Nimeshinda."
"Na hii ya tano," nikamwuliza, "ni ya nani?"

Njugu zikaacha kusagika.
Binti yake, Nekoye, mwaka wa pili chuoni,
Jumamosi atalala kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha,
mashindano yake ya kwanza,
miwani ya kukopa, pumzi ya kukopa.
Hizi arobaini ni zake.

Nikageuza skrubu robo.
Nikairudisha nusu ya robo.
Nikashusha mkono wa mashine polepole
nikausikia mdomo wa shaba ukifunga
kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.
Nikapitisha ukucha. Mkunjo upo.
Jicho haliuoni.

Mwisho wa mwezi afande wa leseni atakuja,
atahesabu maganda kama mama wa mayai,
akiinua moja moja kwenye mwanga.
Hajawahi kuuliza kama nabana.
Huuliza tu ziko wapi, zote.

Umeme ulirudi saa mbili na dakika.
Redio ya jirani ikazinduka katikati ya tangazo la mbolea.
Wekhomba alikuwa nyuma yangu,
ameshika ile ya tano, anaigeuza, anaigeuza.
"Hizo zilizobaki," akasema, macho chini,
"ziongezee kidogo."

Nikamwambia nimeongeza.
Sikuongeza.